Biskuti Alizobeba Mama Mkubwa

Kila Desemba mama mkubwa, yaani dada yake mama, alikuja kwetu mtaa wa Mbotela, Nairobi, akakaa mchana mzima kwenye kiti cha karibu na mlango, akaondoka bila kutia chochote kinywani. Hata maji. Hakuwahi kuja mikono mitupu. Alileta mkate, majani ya chai, wakati mwingine kitambaa cha kichwa cha mama. Alisali nasi, akataniana na mjomba, akawashangaa watoto jinsi walivyorefuka. Chakula kilipoletwa alisema ametoka kula, au anafunga, au tumbo linamsumbua. Mama alisema "haya" na kuirudisha sahani jikoni, na sisi wengine tukajifanya tunatazama televisheni.

Chanzo kilikuwa nyanya, mama yao. Aliletwa Nairobi kutibiwa, akakaa kwetu, na akafia kwenye kitanda cha mama. Siku ya mazishi, watu wakiwa wameketi chini ya hema, mama mkubwa aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia: "Mama alikula nini katika nyumba ile?"

Mama hakujibu, kwa sababu kulijibu swali kama hilo ni kukubali kwamba lilifaa kuulizwa. Na kwetu, watu wa magharibi mwa Kenya, neno la namna hiyo haliombewi msamaha kwa mdomo. Aliyelisema huja siku moja, akaketi, akala, na limekwisha. Asipokula, bado lipo.

Mwaka jana mama aliamua kurudi nyumbani mashambani moja kwa moja. Magoti yalikuwa yamemshinda, na kiwanda alimokuwa akipakia sabuni kilikuwa kimeacha kumwita. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo. Nilisomea usimamizi wa rasilimali watu na sikuwa nimepata hata mtu mmoja wa kumsimamia. Kumwambia abaki, nitamtunza, lilikuwa jambo ambalo hata yeye angelazimika kulicheka kwa adabu.

"Nataka dada yangu ale kwangu kabla sijaondoka," alisema siku moja akichambua mchele, bila kuniangalia. "Hata tonge moja."

Hakulirudia. Lakini mimi nililichukua, nikalifikiria jinsi ninavyofikiria kila jambo, mpaka likapoteza umbo. Nililifikiria nikifua mashati. Nililifikiria nikiwa kwenye mahojiano ya kazi, mbele ya watu watatu walioniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano, na nikawajibu kitu ambacho hadi leo sikikumbuki.

Mwishowe niliamua kwamba tatizo ni sahani. Sahani ya wali na kuku ni kubwa. Inatoka jikoni, inapita mbele ya macho ya watu wote, inawekwa mapajani, na mtu akinyanyua kijiko kila aliye chumbani anajua kwamba leo ameanza. Nani angeweza kuanza hivyo baada ya muda wote ule? Labda moyo wa mama mkubwa ulikuwa umelegea zamani na kilichomzuia ni aibu tu ya kuonekana. Ningekuwa yeye, ningezuiwa na aibu hiyo. Alihitaji kitu kidogo, kitu ambacho mkono hukichukua mdomo ukiwa bado unaongea, na kabla hujajua umekimeza. Alihitaji biskuti.

Nilifurahi sana kwa wazo hilo. Nikifurahi hivyo, kwa kawaida huwa nimekosea mahali.

"Biskuti?" mama alishangaa. "Mgeni wa Krismasi unampa biskuti?"

"Kuku atakuwepo. Biskuti ni za kabla."

"Za kabla ya nini?"

"Za kabla tu, mama. Watu wakiwa wanaongea."

Nadhani alielewa, kwa sababu alienda kabatini akanitolea ile sahani ya maua ambayo haitumiki.

Hatukuwa na oveni. Mama mkubwa anayo, kwake mtaa wa Fedha, ya gesi, na hilo pia nilikuwa nimelifikiria, kwamba angeziona biskuti zetu kama mchezo wa watoto. Nilioka jinsi keki nyingi za mtaa wetu huokwa. Nilimwomba fundi aliyekuwa akijenga ukuta wa kanisa anipe mchanga kidogo, nikaumimina ndani ya sufuria kubwa ya githeri. Juu ya mchanga nikapanga vijiwe, na juu ya vijiwe nikaweka bati nililokatiwa na fundi wa jua kali. Sufuria ikakaa kwenye jiko la makaa, nikaifunika, na juu ya kifuniko nikaweka makaa mengine. Haya yote niliyafanya nje, mlangoni, juani, na kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa na la kusema.

"Msomi," aliniita jirani yetu, mama mmoja wa Murang'a tunayepakana naye ukuta, "huo mchanga unaiva saa ngapi?"

"Ni wa kuokea biskuti, mama."

"Naona. Wenzako wamechemsha nyama, wewe umechemsha mchanga. Halafu mnasema serikali haiajiri."

Kijana wa safu ya pili alipita na ndoo ya maji, akasimama. "Niaje, msee! Umefungua bekari?"

"Poa. Ni za wageni."

"Basi na sisi ni wageni. Usitusahau, buda."

Nilicheka nao. Lakini nilikuwa nimewasha makaa kwa mafuta ya taa, na nilipofunua sufuria, biskuti za kwanza zilikuwa zimeungua chini na zilinuka mafuta ya taa kabisa. Mwingine angezitupa tu, akaanza tena. Mimi nilisimama nimeshika lile bati, nikanusa, nikanusa tena, na nilichosikia ni lile swali la mazishini. Alikula nini katika nyumba ile? Nilijiona nikimpa mama mkubwa kitu chenye harufu. Nilijiona nikieleza. Nilizimwaga zote kwenye taka, nikasugua sufuria mpaka mikono ikauma, nikarudi kwa fundi kuomba mchanga mwingine.

"Ule wa kwanza mmeula?" fundi aliuliza, na hakungoja jibu.

Makaa ya pili niliyawasha kwa karatasi na vijiti, nikipuliza mpaka kichwa kikazunguka. Unga niliukanda upya, majarini, sukari, yai, tangawizi niliyoiparuza mwenyewe, nikausukuma kwa chupa na kuukata kwa mdomo wa glasi. Zilizotoka safari hii zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na zilivunjika kwa sauti. Mama alikuja mlangoni ameshika ukuta, akachukua moja, akaitafuna polepole upande wenye meno mazuri.

"Umetia tangawizi," alisema.

"Kidogo."

"Dada anaipenda. Tulipokuwa wasichana alikuwa akiitafuna mbichi, sisi tukimcheka."

Sikuwahi kumsikia akisimulia kitu cha utotoni chenye mama mkubwa ndani yake. Nikaenda kuangalia makaa ambayo hayakuhitaji kuangaliwa.

Siku ya pili ya Krismasi watu walikuja. Mjomba, ndugu yao wa kiume, alifika na mke wake na watoto, amevaa koti ambalo jua la Desemba lilikuwa likimwadhibu kwalo. Mama mkubwa alikuja mchana. Tulijua amefika kwa sababu tulisikia sauti yake, lakini hakuingia kwetu. Jirani alikuwa ameketi mlangoni pake, wanafahamiana tangu zamani, akamvuta ndani wasalimiane.

Kuta za nyumba zile haziwezi kuficha kitu. Mama alikuwa ameketi kando ya ukuta ule ule, upande wetu. Tulisikia vikombe, tukasikia chai ikimiminwa, kisha kijiko kikikoroga.

"Ongeza sukari kidogo, mama," mama mkubwa alisema. "Chai ya sikukuu hainywewi hivi."

"Ai, nilidhani watu wa Fedha mmeacha sukari!"

"Tuache tubaki na nini?"

Wakacheka wote wawili. Mjomba aliongeza sauti ya televisheni. Mama alinyoosha kitambaa cha meza, ambacho kilikuwa kimenyooka, akaendelea kukinyoosha mpaka vicheko vilipokwisha.

Alipoingia alikuwa mchangamfu. Alimkumbatia mama, akamuuliza habari za magoti, akampa mkate aliokuja nao, akaketi kwenye kiti chake cha karibu na mlango. Nilikuwa nimesogeza kigoda pale, na juu ya kigoda ile sahani ya maua yenye biskuti. Nilikuwa nimeipima mara nyingi sehemu ya kuiweka. Ikiwa karibu sana ingeonekana mtego, ikiwa mbali watoto wangeimaliza. Mjomba alisali, akaombea safari ya mama, akaombea kazi yangu, akachelewa sana kwenye kazi yangu. Kisha akanyoosha mkono juu ya vichwa vya watoto na kuchukua biskuti.

"Hizi ndizo zimeokwa na digrii?" Akatafuna. "Basi karo haikupotea yote."

Watu wakacheka. Ulikuwa wakati mzuri kuliko wowote niliokuwa nimeupanga kichwani, na haukupangwa na mimi. Nikasema, "Mama mkubwa, karibu biskuti."

"Ni wewe umezioka, baba?"

Huniita baba kwa sababu nina jina la baba yake. Tangu nikiwa mtoto hunisalimu kwa mikono miwili, na nilikuwa nimetegemea hilo pia, kwamba labda asichoweza kukipokea kwa dada yake angekipokea kwa baba yake.

"Ni mimi."

Akachukua moja.

Mama alikuwa amesimama kwenye pazia la jikoni na mwiko mkononi. Mama mkubwa aliigeuza ile biskuti, akaitazama juu na chini, akasema, "Zimekaa kama za dukani." Kisha mjomba akamuuliza kama kule Fedha maji yanafika, naye akaanza kumweleza, akieleza kwa mkono ule ule ulioshika biskuti. Mkono ulipanda, ukashuka. Ulipanda tena karibu na kidevu, ukasimama hapo alipokuwa akitafuta neno, ukashuka. Sijawahi kutazama kitu kwa bidii namna ile.

Alipomaliza habari za maji alifungua mkoba, akatoa karatasi laini ya kufutia mikono, akaifunga ile biskuti vizuri, kona kwa kona.

"Nitazila nyumbani nikiwa nimetulia," alisema. "Baba, nifungie na nyingine."

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nimekifanya. Kuku mwenye mchuzi hawezi kutiwa kwenye mkoba. Wali hauwezi. Ndiyo maana kila mwaka alilazimika kutamka mbele ya watu kwamba ametoka kula, na kila mwaka, akilitamka, palikuwa na nafasi ndogo kwamba safari hii angechoka kulitamka. Nami nilitumia wiki nzima kumtafutia chakula pekee ambacho mgeni anaweza kukikataa kwa kukisifu. Na kwetu kumfungia mgeni chakula ni heshima. Akiomba afungiwe, huwezi kumwambia hapana, kula hapa.

Sahani ya wali ilipoletwa, alishika tumbo. "Nimeshiba kwa macho," alisema, na mama akasema "haya."

Lakini mama hakuwa amehuzunika. Alinifuata jikoni, akachukua mfuko wa kaki, akaanza kuzipanga biskuti ndani yake moja moja, akiacha zilizovunjika. "Amesema atakula nyumbani," alininong'oneza. "Umemsikia? Hajawahi kubeba kitu cha hapa." Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikujua niuangalie vipi. Nikaanza kuwaza kwamba labda yeye ndiye aliyeelewa sawa. Labda kubeba ni nusu ya kula. Labda angeketi kwake, jikoni mwake, pasipo macho yetu, akamega kipande.

Kwa kawaida mama humsindikiza mgeni mwenyewe mpaka barabarani. Siku hiyo magoti yalikataa, wakaagana mlangoni. Mama mkubwa alimshika mabega, akamwambia asalimie watu wa nyumbani. Mama akasema atawasalimia. Mimi nikabeba mfuko na kumsindikiza mpaka stendi ya Barabara ya Jogoo.

Njiani aliniuliza habari za kazi, nikamjibu. Alinieleza kuhusu mtoto wa rafiki yake ambaye pia alimaliza chuo na sasa anauza viatu, na anauza vizuri. Nilikuwa nikiitika huku nikiandaa sentensi kichwani. Mama mkubwa, onja tu moja tukitembea. Hapana, hiyo ni amri. Mama mkubwa, niambie kama tangawizi imezidi. Hiyo ilikuwa nzuri zaidi, ilimfanya fundi, ilimpa sababu. Nikaibeba sentensi hiyo tukapita kinyozi, tukapita duka la vyuma, nikangoja anyamaze kidogo, na aliponyamaza nikaona kwamba amenyamaza kwa uchovu na si vizuri kumsumbua.

Tulipofika stendi nikampa mfuko. Pale palikuwa na mama anayechoma mahindi, mwenye jiko dogo na mwavuli. Mama mkubwa alimwinamia, akampa ule mfuko wote kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Krismasi yako hiyo, mama."

"Ooh, Mungu akubariki!" Yule mama alifungua mfuko papo hapo, akatia biskuti mdomoni. "Hizi zimeiva vizuri," alisema, akinitazama mimi, kwa kuwa nilikuwa nikimkodolea macho. "Za wapi?"

Mama mkubwa alikuwa amenigeukia.

"Baba, usinifikirie vibaya," alisema. "Daktari amenikataza vitu vya sukari."

Alisema hivyo kwa upole sana. Angeweza kungoja niondoke, angeweza kuutupa mfuko mbele ya safari, na bado najiuliza kwa nini alifanya mbele yangu. Labda alitaka nione. Labda hakufikiria kabisa, kuna watu hawafikirii. Nilitafuta usoni mwake kama anakumbuka kile kikombe cha chai na ukuta wetu ulivyo mwembamba. Sikuona kitu. Niliona mwanamke mtu mzima, amechoka, macho yake kama ya mama. Nikasema, "Pole, mama mkubwa." Gari likaja, akapanda.

Nilirudi polepole. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha karibu na mlango, miguu ameinyoosha, akinisubiri.

"Amepata gari?"

"Amepata."

"Na mfuko?"

Nilikuwa nimeandaa majibu kadhaa njiani na yote yalipotea. "Amesema daktari amemkataza sukari," nikasema.

Mama alitazama ukuta, ule wa upande wa jirani. Najua alikisikia kijiko kama nilivyokisikia mimi, alikuwa karibu zaidi yangu. Nilingoja acheke, au alie, au aseme neno moja kali ambalo lingetufungua sote wawili.

"Maskini dada yangu," alisema. "Na hakuniambia anaumwa."

Akainuka kwa kushika meza, akaenda kuosha vyombo.

Aliondoka Januari. Mimi nilihamia chumba kimoja, hapo hapo mtaani, na ninaendelea kutuma barua za kuomba kazi. Mama hunipigia simu Jumapili baada ya kanisa. Tukishamaliza mvua na magoti, hushusha sauti. "Sukari ya dada yangu inaendeleaje?" Mara ya kwanza nilisema sijui. Mara ya pili niliona jinsi "sijui" ilivyomkosesha raha, nikasema nasikia iko chini kidogo. Sasa kila Jumapili nampa habari. Wiki nyingine imepanda, wiki nyingine imeshuka. Akina mama wa kanisa lake wanamwombea. Mama mkubwa mwenyewe hatujaongea naye tangu pale stendi, wala hajampigia mama.

Majuzi mama alinitumia kifurushi kwa basi. Ni unga wa wimbi, aliousagisha mwenyewe, umefungwa kwa kitambaa na kushonwa mdomo. Alinipigia kabla hata sijaufungua.

"Mpelekee Fedha," alisema. "Mwambie ni wa uji, ni mzuri kwa mtu wa sukari. Anywe hivyo hivyo, asiweke kitu."

Nikasema nitapeleka.

"Utanieleza kama amekunywa."

Unga uko hapa, juu ya sanduku la nguo. Nimefikiria kuupeleka na nimefikiria kutoupeleka. Nikimpelekea, itabidi nimweleze ni wa nini, na hapo ama atacheka, ama ataupokea kwa mikono miwili, na sijui lipi kati ya hayo nitaweza kulirudisha nyumbani kwa simu. Wimbi hukaa sana bila kuharibika, kwa hiyo hakuna haraka. Jumapili ni kesho kutwa. Nadhani nitamwambia mama kwamba dada yake aliupika nikiwa bado nimeketi pale, akanywa kikombe kizima, na akasema asante.